Maswali ya Wasomaji: Nani Alitia Sumu Kikombe cha Mfalme Joffrey?

Tangu tulipochapisha makala yetu kuhusu wahusika waovu katika tamthilia za runinga, barua nyingi zilizotufikia zimemhusu mtu mmoja tu: Joffrey Baratheon, mfalme kijana wa Game of Thrones, aliyekufa kwa sumu kwenye karamu ya arusi yake mwenyewe. Baadhi ya walioandika waliitazama tamthilia hiyo ilipokuwa ikirushwa kati ya mwaka 2011 na 2019, na wanataka kumaliza ubishi uliodumu nyumbani kwao kwa miaka. Wengine ni vijana wanaoitazama sasa kwa mara ya kwanza. Kwa ajili ya hao natoa tahadhari mapema kwamba majibu ya leo yanafichua mambo hadi msimu wa saba.

Kwa asiyeifahamu habari yenyewe, Joffrey anajulikana na watu kuwa mwana wa Mfalme Robert Baratheon, lakini kwa kweli amezaliwa na Malkia Cersei Lannister na nduguye pacha, Jaime. Alipokalia kiti cha enzi aliamuru Ned Stark akatwe kichwa mbele ya Sansa, binti wa Ned, ambaye wakati huo alikuwa mchumba wake. Baadaye aliwaamuru walinzi wake wampige Sansa mbele ya baraza zima, na akamwua Ros, mwanamke wa danguro, kwa mishale ya upinde wa mtambo kwa kujifurahisha tu. Hatimaye anamwacha Sansa na kumwoa Margaery Tyrell, binti wa nyumba tajiri, na siku ya arusi haijaisha bwana arusi amekwisha kuwa maiti. Sehemu hiyo, ambayo ni ya pili katika msimu wa nne, ilirushwa tarehe 13 Aprili 2014. Mswada wake uliandikwa na George R. R. Martin mwenyewe, mtunzi wa riwaya zilizozaa tamthilia hiyo, na mwongozaji wake alikuwa Alex Graves.

Mhariri, mimi na mume wangu tumebishana mpaka tumechoka. Yeye anasema Tyrion, mjomba wa mfalme, ndiye mwuaji kwa sababu ndiye aliyekuwa akishika kikombe. Mimi nasema ni Sansa, maana asiye na hatia hakimbii. Tafadhali tuamulie. — Msomaji, Tanga

Dada yangu, nyote wawili mmekosea, na mmekosea kwa namna ileile waliyokosea wageni waliokuwa karamuni, kwa sababu mtunzi alipanga kila kitu ili macho yenu yatue mahali pasipofaa. Aliyetia sumu ni Olenna Tyrell, bibi yake Margaery, mama mkongwe aliyejifunga kilemba na aliyeonekana kama amekuja kula na kusengenya tu. Alishirikiana na Petyr Baelish, bwana mmoja mjanja anayejulikana kwa jina la Littlefinger, ambaye siku hiyo hakuwapo hata mjini.

Naomba muitazame tena sehemu hiyo, na safari hii mfuate vitu viwili, mkufu na kikombe, na kuwaacha watu waseme wanavyotaka.

Mkufu umevaliwa na Sansa. Alipewa katika sehemu iliyotangulia na Dontos, mlevi ambaye Sansa alimwokoa asiuawe na Joffrey, naye Dontos akadai kuwa ni kumbukumbu pekee ya mama yake. Una vito kadhaa, na kimoja kati yake kwa kweli ni sumu iliyofichwa. Mapema katika karamu Olenna anamsogelea Sansa kumpa pole kwa kifo cha kaka yake Robb, aliyechinjwa arusini pamoja na mama yao, na huku akizungumza mkono wake unatengeneza nywele za Sansa na kupita shingoni mwake. Akiondoka, kito kimoja hakipo. Kamera haikisisitizi, lakini ukisimamisha picha utaliona pengo.

Sasa mfuate kikombe. Joffrey amemwagia mjomba wake Tyrion mvinyo kichwani, kisha amemwamuru awe mnyweshaji wake ili kumdhalilisha mbele ya wakubwa wote wa nchi. Anakiangusha kikombe kwa makusudi na kukipiga teke chini ya meza, Sansa anainama na kukiokota, anampa Tyrion, na Tyrion anakijaza. Hadi hapo mvinyo ni mvinyo. Joffrey anamtaka Tyrion apige magoti, Tyrion anakaa kimya amesimama, ukumbi mzima umeshika pumzi, na ndipo Margaery anapopaza sauti kwa furaha kwamba pai imefika. Kikombe kinawekwa mezani, upande waliko akina Tyrell, bwana arusi anakwenda kuikata pai kwa upanga, njiwa wanaruka, watu wanashangilia na kuangalia juu. Kikombe kimebaki peke yake kwa muda wa kutosha kabisa kwa mkono wa bibi kizee. Margaery anamlisha mumewe kipande cha pai, pai inamkauka kooni, anadai kinywaji, na Tyrion, aliyekuwa akitaka kuondoka, ndiye anayeletewa amri ya kukileta kikombe kilekile.

Kwa hiyo mumeo ameona vizuri kwamba Tyrion alikishika, nawe umeona vizuri kwamba Sansa alikishika na kisha akakimbia. Sansa alikimbia kwa sababu Dontos alimjia katika vurugu na kumwambia kwamba akitaka kuishi waondoke papo hapo, naye kwa muda mrefu alikuwa mateka asiye na mtu mwingine wa kumwamini. Sehemu mbili baadaye Olenna anamweleza mjukuu wake, bustanini, kwamba asingekubali aolewe na mnyama yule, na hapo fumbo linakuwa limefumbuliwa kwa wanaosikiliza kwa makini. Waswahili walikwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako. Katika arusi hii kilikuwa kimeketi meza kuu.

Nilisubiri kifo cha Joffrey misimu mitatu, na kilipofika nilipiga makofi. Kaka yangu ananiambia kuwa nimefanya vibaya kufurahia mtu kupewa sumu. Je, Joffrey hakustahili? — Kijana, Mwanza

Ndugu yangu wa Mwanza, hili ndilo swali ambalo nimelifikiria kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu.

Kustahili alistahili kuhukumiwa, tena kwa hukumu nzito. Sidhani kama yupo mtazamaji mwenye moyo anayeweza kuitaja orodha ya wale aliowatesa na bado akamtetea. Lakini kuna jambo ambalo furaha yetu ya siku ile ilitufanya tulipite haraka mno. Jiulize ni kosa gani lililomfanya Joffrey auawe. Je, ni kichwa cha Ned Stark? Ni Ros? Ni mwana wa mchinja nyama aliyeuawa katika msimu wa kwanza kwa sababu tu alicheza kwa fimbo na binti wa Stark? Hakuna hata kimoja. Joffrey aliuawa kwa ajili ya yale ambayo angeweza kumtendea Margaery usiku wa arusi na siku zilizofuata. Aliuawa na watu ambao walikuwa wanataka kiti cha enzi alichokalia na hawakutaka yeye awe sehemu ya mpango huo. Baada yake alikuwapo mdogo wake, Tommen, mtoto mpole, na Margaery angeolewa naye na kubaki malkia. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa rudi nyuma hadi msimu wa tatu. Olenna na Margaery wanamwalika Sansa bustanini, wanamkaribisha vitafunio, na wanamsihi awaambie ukweli kuhusu tabia ya mfalme. Msichana anatetemeka. Anajua neno moja baya likifika masikioni mwa Joffrey atakatwa ulimi au kichwa. Mwisho anawaambia: ni dubwana. Huo ndio ushahidi pekee uliowahi kutolewa na mmoja wa waliodhulumiwa na Joffrey na ukasikilizwa na mtu mwenye uwezo wa kufanya jambo. Bibi Olenna aliusikia, akauamini, na akautumia. Akautumiaje? Alimwokoa mjukuu wake, na sumu yenyewe ikaletwa karamuni shingoni mwa yule yule msichana aliyesema ukweli, bila kumwambia, ili ikiwa mambo yatagunduliwa basi mkufu upatikane kwa binti wa Stark na si kwa watu wa Tyrell. Sansa, mwenye haki kuliko wote ya kudai damu ya baba yake, alifanywa mfuko wa kubebea sumu.

Naye Tyrion, ambaye aliwahi kumzaba Joffrey kofi na kuzuia Sansa asipigwe, ndiye aliyekamatwa kabla mwili haujapoa. Alihukumiwa na jopo la watu watatu, mwenyekiti akiwa baba yake mzazi, Tywin, pamoja na Mace Tyrell, ambaye ni mwana wa mwuaji wa kweli, na Oberyn Martell. Tafakari hilo: mwana wa aliyetia sumu ameketi kwenye kiti cha hakimu. Mashahidi walipangwa, na hadi Shae, mwanamke aliyempenda, aliletwa kusema uongo juu yake. Tyrion aliomba shauri lake liamuliwe kwa pambano, Oberyn akajitolea kupigana kwa niaba yake, na Oberyn akauawa kwa namna ambayo wengi wetu hatukuweza kuitazama hadi mwisho.

Ndiyo maana siwezi kukukaripia kwa makofi yako, kwa kuwa nami nilipiga. Nilikuwa nimeketi na majirani sebuleni, watu kama kumi na wawili, kompyuta ndogo imewekwa juu ya stuli na flashi ya filamu imechomekwa, na Joffrey alipoanza kukohoa chumba kililipuka kwa kelele kama vile timu imefunga goli dakika ya mwisho. Kelele zile zilidumu sekunde chache. Uso ukaanza kugeuka rangi, damu ikatoka puani, na Cersei akaanguka chini akamshika mwanawe na kulia. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akimlaani kijana yule kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa, akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, mama yake." Hakuna aliyeendelea kushangilia.

Naamini mtunzi alilitaka hilo. Katika riwaya, Joffrey anapokufa ana umri wa miaka 13. Sumu ingeweza kumwua kwa usingizi wa kimya, lakini badala yake anakufa akihangaika kupata pumzi, akimtazama mama yake kama mtoto yeyote anayetazama mama yake akiwa na hofu. Yule tuliyemchukia anatoweka kwa sekunde kadhaa na anabaki mtoto anayekabwa. Kwa hiyo mwambie kaka yako kwamba kupiga makofi si jambo la kumtia mtu motoni. Mimi ningehofu zaidi kama ungeweza kuyaendeleza hadi mwisho wa sehemu ile.

Binti yangu wa miaka 12 aliingia sebuleni wakati wa tukio hilo, akalitazama lote, kisha akauliza kwa nini mama wa mtu mbaya analia. Sikuwa na jibu. Wewe ungemjibu nini? — Baba, Nakuru

Mzee wangu, kwanza niseme bila kuficha kwamba tamthilia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima, na mtoto wa umri huo asingepaswa kuwapo. Najua nyumba zetu si pana na mlango wa sebule haufungwi kwa ufunguo, lakini msimu wa nne una mambo mabaya zaidi ya hilo aliloliona.

Ama swali lake ni swali zuri kuliko mengi yaliyoulizwa na watu wazima, na jibu lake limo katika hadithi zetu wenyewe. Ungeweza kumsimulia Fumo Liongo, shujaa na mshairi wa pwani, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Maadui zake walimtumia mwanawe wa kumzaa, na wengine husimulia kuwa ni mpwawe, amwulize siri hiyo na kisha amchome akiwa usingizini. Liongo aliamka na maumivu, akauchukua upinde wake, akaenda kupiga goti karibu na kisima, na akafa hivyo hivyo, mshale umewekwa tayari. Watu waliomwona kwa mbali walidhani yu hai, na kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kuteka maji. Wakamwendea mama yake wakamwomba akaseme naye. Mama akaenda, akamwimbia mwanawe kumbembeleza, akidhani amekasirika, mpaka mwili ulipoanguka ndipo alipojua kwamba alikuwa akimwimbia maiti.

Liongo tunampenda na Joffrey tunamchukia, lakini mama wawili hao wamefanya jambo lilelile: wamemwendea mtoto wao wakati kila mtu mwingine amesimama mbali. Mwambie binti yako kwamba Cersei halilii ubaya wa Joffrey. Anamlilia mtoto aliyemzaa, na katika sehemu nyingine za tamthilia yeye mwenyewe anakiri kwamba anajua mwanawe ni katili. Akiuliza kama mama huyo naye ni mtu mwema, mwambie hapana, kisha umpeleke akalale.

Je, sumu ya namna ile ipo kweli, inayofanana na kito na kuua kwa dakika moja? — Mwanafunzi wa famasia, Dodoma

Haipo. Ni ya kubuni, na katika riwaya imepewa jina linalomaanisha mkabaji, kwa sababu inasemekana hukaza misuli ya koo hadi pumzi isipite na uso ukawa wa zambarau kama fuwele zake. Wasomaji wa riwaya walikuwa wamekwisha kuiona ikifanya kazi mwanzoni mwa kitabu cha pili, kilichotoka mwaka 1998, pale mzee Cressen anapojaribu kumwua kuhani Melisandre kwa kikombe cha mvinyo na kufa yeye huku kuhani akisalimika. Kwa hiyo arusi ilipofika katika kitabu cha tatu, mwaka 2000, msomaji mwenye kumbukumbu nzuri alikuwa na dalili mkononi. Katika riwaya, pia, mawe yako kwenye wavu wa nywele wa Sansa. Watengenezaji wa tamthilia waliyahamishia mkufuni, na nadhani walifanya vyema, maana shingo huonekana kwenye kamera kuliko kisogo.

Kuhusu sumu za kweli zinazobana pumzi, naomba nisiingie huko katika gazeti linalosomwa na kila mtu. Walimu wako watakufundisha mahali panapostahili.

Nimesikia kwamba kifo cha Joffrey kilichukuliwa kutoka historia ya kweli ya wafalme wa Uingereza. Ni kweli, au ni maneno ya vijiweni? — Msomaji, Unguja

Ni kweli kwa kiasi. Martin amekwisha kueleza katika mahojiano kwamba aliazima kidogo kutoka kifo cha Eustace, mwana wa Mfalme Stephen wa Uingereza. Stephen alikuwa amepigana kwa miaka mingi na binamu yake, Matilda, wakigombea ufalme, na alitaka mwanawe Eustace amrithi. Mwaka 1153 Eustace akafa ghafla, na ikasimuliwa kwamba alikabwa akiwa mezani. Wengine waliona ni mkono wa Mungu, na wengine hadi leo wanashuku sumu. Kifo chake kilimkata maungo baba yake, ambaye katika mwaka huohuo alikubali kwamba atakayemrithi ni Henry, mwana wa Matilda, na mwaka uliofuata Stephen alipofariki Henry akawa mfalme.

Ninachokiona cha thamani katika mkopo huo ni ule utata. Mtu anapofia mezani, akiwa na chakula mdomoni, mbele ya mashahidi mia, bado hakuna anayeweza kuapa aliuawa au alipaliwa tu. Wafalme wa zamani walikuwa na waonjaji kwa sababu hiyo. Olenna alilijua hilo, na katika purukushani zile ni yeye aliyekuwa akipiga kelele kwamba mtoto asaidiwe. Sauti ya kwanza kuomba msaada ilitoka kwa aliyetia sumu, na hiyo ndiyo sababu nampa Diana Rigg, mwigizaji aliyeicheza nafasi hiyo na ambaye alifariki Septemba 2020, heshima ya pekee. Alitoa ukelele ule kama mtu mwenye huruma ya kweli, bila kutupa sisi watazamaji hata kope moja la kumshuku.

Picha za karamu, kwa wanaopenda kujua, zilipigwa katika bustani ya Gradac mjini Dubrovnik, Kroatia, mji wa kale wenye kuta za mawe kando ya bahari ya Adriatiki. Mwanga ule mzuri wa alasiri ni wa kweli, na kwangu mimi unaongeza uchungu: kila kitu kinatendeka juani, hakuna giza la kujificha.

Yule kijana aliyeigiza Joffrey ana roho mbaya kweli? Mtu hawezi kuigiza ubaya namna ile kama hanao moyoni. — Bibi, Bukoba

Bibi yangu, shikamoo. Ana roho mbaya kama alivyonayo mjukuu wako anayeigiza fisi katika mchezo wa shule. Jina lake ni Jack Gleeson, Mwairishi aliyezaliwa Cork mwaka 1992, na wakati tamthilia ikiendelea alikuwa mwanafunzi wa Trinity College mjini Dublin. Waliofanya naye kazi wamemsifu mara kwa mara kwa upole na adabu. Nafasi yake ilipokwisha alitangaza kuwa anaacha uigizaji wa kulipwa, akajishughulisha na michezo ya jukwaani pamoja na marafiki zake, na ni baada ya miaka kadhaa ndipo alipoanza kuonekana tena kwenye skrini.

Najua kwetu pia wapo waigizaji wanaoigiza mama wa kambo wakatili na ambao hawawezi kununua nyanya sokoni bila kutukanwa. Ni ushuru mzito wanaoutozwa kwa kufanya kazi yao vizuri. Kijana yule alituchukiza kwa mambo madogo: kile kitabasamu chake cha upande mmoja, ile namna ya kuketi kitini kama mtoto aliyechoshwa na wageni, jinsi alivyokikatakata kwa upanga mpya kitabu alichozawadiwa na mjomba wake asubuhi ya arusi huku wote wakiangalia. Upanga huo, bibi, ulikuwa umefuliwa kutokana na upanga wa Ned Stark. Mwigizaji asiyejua moyo wa binadamu asingeweza kutuumiza kiasi kile kwa kuchezea chuma.

Je, Cersei alikuja kujua nani aliyemwua mwanawe? Na Olenna alifaidika nini? Nimeishia msimu wa nne. — Msomaji, Bujumbura

Kwa kuwa umeuliza mwenyewe, nakujibu. Olenna alipata kile alichokitaka kwa muda mfupi. Margaery aliolewa na Tommen, akawa malkia, na alikuwa akimwongoza mume wake mdogo kwa akili nyingi. Mwishoni mwa msimu wa sita, uliorushwa mwaka 2016, Cersei alililipua hekalu kuu la mji kwa moto wa kijani, na Margaery alikuwamo ndani pamoja na baba yake na kaka yake. Cersei wakati huo hakuwa analipiza kisasi cha sumu, kwa sababu hakujua. Alikuwa akiwaangamiza viongozi wa dini waliotaka kumhukumu. Mjukuu aliyeokolewa kwa kumwua mwana wa Cersei aliuawa na Cersei huyohuyo, na kati ya Olenna na Cersei aliyeijua hesabu yote alikuwa Olenna peke yake.

Katika sehemu ya tatu ya msimu wa saba, Jaime anaiteka ngome ya Tyrell na kumpelekea bibi huyo kikombe chenye sumu isiyoumiza, akimfanyia hisani. Anakinywa chote kwa mkupuo kabla hajakiri lolote. Ndipo anapomweleza Jaime, baba wa kweli wa Joffrey, jinsi kijana alivyokufa akijikwaruza shingo, akiongeza kwamba hakuwa amewahi kuiona sumu ile ikifanya kazi na kwamba alichokiona hakikuwa alichokusudia. Anamwomba Jaime amfikishie Cersei habari, ili ajue ni yeye. Jaime anatoka bila kusema neno.

Jaime aliufikisha ujumbe. Kwa mara ya kwanza Cersei aliambiwa ni nani hasa aliyemwua Joffrey, na kwamba si Tyrion. Ilikuwa imepita misimu mitatu tangu Tyrion ahukumiwe kifo kwa kosa hilo, atoroshwe gerezani na Jaime, na usiku uleule ampige mishale baba yao Tywin akiwa ameketi chooni. Kwa hiyo Cersei alipoondolewa sababu moja ya kumchukia ndugu yake, nyingine ilikuwa bado ipo palepale, tena hiyo ilikuwa ya kweli.